Sauti ya Upande Mmoja

Wakati huo nilikuwa fundi wa kliniki mbili ndogo, moja mtaa wa Gatwekera, nyingine Kawangware, upande mwingine wa jiji. Juu ya paa la ile ya Gatwekera tulikuwa tumefunga mtambo wa simu wa kwetu wenyewe, kwa kibali cha majaribio: sanduku la chuma, antena mbili na kompyuta. Wahudumu wa afya ya jamii tuliwapa kadi zetu za simu, kila mmoja na namba ya tarakimu nne, wakawa wanapigiana bure mpaka mtaa jirani wa Mashimoni. Nje ya hapo laini zile zilikuwa bubu.

Wa kwanza kuchukua laini alikuwa mama mmoja wa Mashimoni, Mluhya, mtu ambaye ungesikia kicheko chake kabla hujamwona. Namba yake ilikuwa 2004. Siku hiyo hiyo akaniuliza, "Na Kawangware nitapiga lini? Huko ndiko nilifunzwa hii kazi."

"Mwezi ujao, mum," nikamwambia. "Tukishaunganisha na seva ya huko, piga 3001, watashika."

Mwezi ujao ukaja ukapita, na uliofuata pia. Kifaa kilichelewa, halafu intaneti ya Kawangware ikasumbua. Katikati ya kungoja huko mama yule akaugua homa, na baada ya siku chache akafa. Nilihudhuria matanga, nikachanga, gari likampeleka kwao Magharibi. Jina lake nililikata kwenye karatasi ya wenye laini. Namba sikuifuta kwenye mfumo. Nilijiambia nitaifuta kesho, na kesho yake nikajiambia vivyo hivyo.

Siku ya kuunganisha ilikuwa asubuhi ya jua kali. Mwenzangu, mwanamume aliyenizidi umri, alikuwa Kawangware peke yake kwenye chumba cha seva, mimi juu ya paa la Gatwekera. Tuliongea kwa simu zetu za kawaida huku tukifanya kazi. Niliandika amri kwamba kila namba inayoanza na tatu ipitishwe kwenye intaneti hadi kwake, kisha nikapiga 3001 kwa simu ya mtambo wetu. Ikaita. Ikashikwa. Kimya.

"Mimi nakupata poa kabisa," akaniambia kwenye ile simu nyingine. "Kwani wewe hunisikii?"

"Sisikii kitu."

Mafundi wa simu za intaneti wanaujua ugonjwa huo. Sauti inapita upande mmoja tu. Ya kurudi inatumwa kwenye anwani isiyofika kokote. Nikainama kutafuta kosa. Nilikuwa bado natafuta aliponiita tena, na safari hii aliongea polepole.

"Dadangu, kuna mtu umempa ajaribu?"

"Hapana. Ni mimi tu."

"Kuna mwanamke kwa laini. Anasema haloo, haloo, mulembe, mko huko? Namjibu, hanisikii."

"Inaonyesha namba gani?"

"Mbili, sufuri, sufuri, nne."

Yeye hakumjua mwenye namba. Nilimwomba asogeze mkono wa simu ya mezani karibu na simu yake, nami nikabana yangu sikioni. Ilikuwa mbali, lakini niliisikia. Mulembe, salamu ya Kiluhya. Halafu ile haloo ya mama yule, ya kuvutwa mwishoni, kama mtu anayemwita jirani aliye ng'ambo ya mto. Kisha ikakatika.

Kompyuta ilionyesha kwamba simu ile iko hewani, chini ya nusu kilomita kutoka niliposimama.

Nikateremka. Nilielekea Mashimoni nikipiga 2004, nakata, napiga tena, nikitega sikio kwenye kila ukuta wa mabati. Watu walipanga mitungi ya maji, mtu alikaanga mandazi, redio zililia. Kwenye kichochoro cha nyuma ya kioski cha maji nikasikia simu inaita ndani ya nyumba. Nikakata, ikanyamaza. Nikapiga, ikaanza.

Mlango ukafunguka, na aliyesimama pale alikuwa na uso wa marehemu.

"Mimi ni mdogo wake," akasema upesi, kama aliyezoea kuwatisha watu hivyo. "Ingia."

Ilikuwa kabambe ya dada yake, simu ndogo ya vibonyezo. Aliipata chini ya godoro baada ya mazishi, akawa anaichaji. Akanionyesha namba zilizopigwa: 3001, 3001, 3001, mpaka chini. "Kila asubuhi alikuwa anajaribu. Alisema kuna siku watashika. Alipoenda, nikasema wacha nimjaribie."

Mimi ndiye niliyemwambia mwezi ujao.

"Na leo ameshika," akasema.

"Nani?"

"Dada. Iliita, ikashikwa. Hakusema kitu, lakini alishika."

Nikamweleza. Aliyeshika ni mwenzangu wa Kawangware, anakusikia, wewe humsikii, ni kosa la mitambo na nitalirekebisha. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Alinisikia nikisema nini?"

"Mulembe. Haloo. Mko huko."

"Auntie, mimi sikusema kitu. Ningesema nini? Nilikuwa nimejiziba mdomo hivi." Akaonyesha kwa kiganja.

Huenda hofu ilimsahaulisha. Nimejaribu kuamini hivyo, na kuna siku ninafaulu.

Nilirudi kwenye paa, nikapata kosa, na kabla ya saa saba sauti ilikuwa inapita pande zote mbili. Namba sikuifuta. Mdogo wa marehemu akaendelea kupiga kila asubuhi, na mwenzangu akawa anamjibu, anamjulia hali, wanaongea habari za mvua na bei ya mboga ya sukuma, mpaka mdogo mtu aliporudi kwao na simu ile akaiacha kliniki kwenye bahasha.

Mwenzangu aliniuliza mara moja tu kama nilimpata yule mwanamke wa siku ile. Nikamwambia ndiyo, ni mdogo wa marehemu, laini ilikuwa na shida. Mengine sikumwambia. Alikuwa akifanya kazi kwenye chumba kile peke yake.