Mume Wangu Ananukia Singo Yangu, na Sijamsinga Mimi

Admin, jina langu lifiche, na mtaa sema Kisauni tu, Kisauni ni pana. Wakubwa shikamooni, wadogo mtaniamkia kwenye komenti.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na kitu, mnene wa kuziba mlango, na kazi yangu ni kusinga maharusi. Kwa wageni wa mambo yetu ya pwani: mwari akikaribia kuolewa hupewa somo, mwanamke wa kumfunda na kumwandaa. Somo ndiye humkanda mwili mzima kwa singo, mchanganyiko wa liwa, dalia, karafuu na marashi, mpaka ngozi iwe ya kitoto. Mwanamume naye husingwa akiwa bwana harusi, basi. Siku nyingine zote wanaume wetu hunukia jasho, nasi tumeridhika nao hivyo hivyo.

Sasa huyu wangu ameanza kunukia singo.

Anafanya kazi kwenye yadi ya makontena huko Changamwe, na si mtu wa kujipaka hata mafuta. Lakini kila Alhamisi siku hizi anarudi shingo inang'aa, anatembea kama aliyefunguliwa kamba. Nikasema labda ni sabuni mpya. Ijumaa moja baada ya sala akajilaza kwenye mkeka, nikajifanya nafagia karibu yake, nikainama kumnusa. Mgongo ulinilia kwa ule unene wangu, lakini nilipata jawabu. Ilikuwa singo yangu mimi. Kila somo ana mkono wake. Mimi hutia maganda ya ndimu yaliyokaushwa kivulini na habasoda kidogo, na siri hiyo nimempa mtu mmoja tu duniani.

Huyo mtu nitamwita Rehema. Alipoachika na mumewe alikuja kwangu analia, nikamfunza kazi, akawa kama mwanangu wa kumzaa. Sasa amefungua spa yake Utange, ina kiyoyozi na muziki wa maji yanayotiririka, muziki wenyewe ukikaa sana unatamani kwenda msalani. Masaji ya wanaume wanafanya pia, chumba cha upande wa pili. Sikuwahi kuliona hilo kuwa na neno.

Nilimweleza jirani yangu, tena kwa mzaha. Akaniangalia akasema, "Shoga, mwanamume anayesingwa ana harusi yake mahali." Nilicheka sana. Nilipoingia ndani kwangu sikucheka.

Basi nikaenda Utange bila kubisha hodi ya simu. Rehema alinipokea kwa furaha, akanibusu mkono, shikamoo mama, akakataa katakata nikandwe na wasichana wake. Akanilaza mwenyewe. Wallahi miaka yote nimekanda watu, sijawahi kukandwa mimi, na yale mawe ya moto waliyonipanga mgongoni karibu yanilaze usingizi nisahau nilichofuata. Lakini jicho langu moja lilikuwa wazi. Nyuma ya mlango kilining'inia kikoi chenye mistari ya kijani kama cha mume wangu. Nikajikemea, maana vikoi kama hivyo nusu ya Kisauni wanavaa.

Nikamuuliza juu juu kama mzee wangu hupita pale. Mikono yake ikasita mgongoni mwangu, kisha ikaendelea. Akasema ndiyo, huja kwa ajili ya kiuno, alidhani nimemtuma mimi. Halafu akasema, "Mama, nimepata stara. Naolewa."

Nikamwambia Mwenyezi Mungu aitie kheri, bwana ni nani?

"Mtu mzima, anajiheshimu. Ana mke, lakini mkewe ni mtu mwema. Jina nisamehe, posa bado haijaletwa, nachelea mahasidi." Akaja mbele akapiga magoti tukatazamana. "Ila somo wangu ni wewe. Sitaki mkono mwengine unisinge."

Mahasidi! Mimi niliyemfunza hata kukamua tui, leo nimo katika watu wa kuogopwa.

Niliporudi nikamuuliza mzee mbona hakuniambia. Akajibu kwa upole, "Wewe ukirudi kwa maharusi wa watu umechoka hoi. Nikaona nikupumzishe, na mkono si ni wako ule ule?" Jawabu tamu kama halua, ndiyo maana halikunipita kooni. Nikamwambia Rehema anaolewa. Hakuuliza na nani. Mwanamume huyu, ambaye mbuzi wa jirani akizaa huuliza dume ni la nani, alichukua kijiko akakoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari.

Ndugu zangu, Rehema anangoja jawabu langu. Somo kumkataa mwari wake kwetu ni kama mama kumkana mwana, na watu watamuuliza ana aibu gani. Nikikataa, kumbe bwana ni mtu mwengine kabisa, nitakuwa nimemvunjia harusi mtoto asiye na mama mwengine, kwa sababu ya pua yangu. Nikikubali, na bwana akawa ni huyu wangu, nitakuwa nimemwandaa mke mwenza kwa mikono yangu miwili. Na mimi najijua, kazi siwezi kuifanya nusu. Nikimshika mwari, atatoka anang'ara.

Nyinyi mliopata ukewenza, na nyinyi masomo wenzangu, msinicheke sana kisha mnijibu. Nimwite mzee nimbane mpaka aseme, nimwambie Rehema simsingi asiyenitajia bwana, au nianze kukausha maganda ya ndimu?