Wali wa Wataalamu wa Kutembea

Mama Tusajigwe kazaliwa Tunduma, mji ambao ukitema mate vibaya yanaangukia Zambia. Utotoni alikuwaga anatumwa chumvi Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na anarudi maji ya ugali hayajachemka. Leo ana miaka hamsini na tatu, anapika Bunju, safari ya siku nzima kutoka mpakani, kando ya barabara kubwa, na barabara hiyo ndo imemshinda kuvuka.

Mkabala na jiko lake, upande wa pili, kuna ukumbi. Mwezi uliopita ukumbi ukapata semina ya siku mbili: wataalamu arobaini kutoka Tunduma na Nakonde, wamekuja kupanga namna mtu atakavyovuka mpaka kwa miguu bila kulaliwa na lori. Kwa nini wakapangie Bunju? Usiniulize mie.

Felicitas, meneja wa ukumbi, akamwambia mama: "Siku ya kwanza pika wewe. Wakikubali, jiko la ukumbi ni lako moja kwa moja." Miaka tisa mama anapika juani. Akaona hapa ndo katoka.

Siku zote anavukia kwenye pengo, pale ukuta wa zege wa katikati ya barabara ulipovunjika. Siku ya kwanza ya semina, saa sita na nusu wali uko tayari, maharage, kuku. Anafika: pengo limezibwa kwa matofali, zege bado bichi.

"Nani kafanya huu upuuzi?" akamuuliza Kondo, dereva wa bajaji.

"Jamaa wa vizibao, asubuhi. Eti kuna wageni, barabara ipendeze."

"Wageni gani?"

"Si hao hao wako, wa kutembea kwa miguu!" Kondo akacheka mpaka akalalia usukani.

Bajaji ikageuzie wapi? Mbali, na foleni imeganda. Daraja la juu? Mwendo wa nusu saa, halafu ngazi. Sasa panda ngazi na sufuria ya wali wa watu arobaini, tukuone.

Saa saba simu ikaita. Polikarpo, mratibu wa semina.

"Mama, uko wapi? Watu wana njaa."

"Nakuona, mwanangu. Si wewe mwenye shati la kitenge hapo mlangoni?"

"Sasa mbona huji?"

"Mbona nyie hamji? Si ndo mmesomea kuvuka?"

Wakatoka wote, vitambulisho shingoni, wakajipanga kando ya lami kama kuku wanaoangalia mvua. Msomi mmoja akanyoosha mkono kusimamisha gari. Akapigiwa honi, akarudi nyuma hatua sita. Mwisho mama mmoja wa Nakonde, mnene, jina lake Yuliana, akavua viatu, akakimbia, akaupanda ukuta. Gauni likanasa kwenye nondo. Akabaki juu, malori yanapita huku na huku.

Mama Tusajigwe akatupa mwiko, akamfuata, akamnasua.

"Pole, dada. Kwenu huko nilikuwaga navuka huku natafuna muwa."

"Hata leo mpakani unavuka. Kule tunaogopa askari tu, dada. Huku naogopa kila kitu."

Wakashuka upande wa jiko. Wenzake Yuliana wakafuata mmoja mmoja, wakala, wakakwangua sahani, wakarudi vilevile. Ila saa tisa Felicitas akapiga simu.

"Chakula kitamu, mama, ila siwezi kuwarusha wageni ukuta. Kesho natafuta mpishi wa upande huu."

"Kwa hiyo mie ni wa nje ya nchi?"

"Mama, mie nataka chakula kifike saa saba. Basi."

Mama akakata simu. Akaenda gereji ya jirani, akaazima nyundo. Ukumbini wakati huo taa zimezimwa, wanaoneshwa picha za vivuko vya Ulaya. Yuliana, aliyeisikia simu ya Felicitas, akatoka kimyakimya, akavua viatu tena. Mama akagonga upande wake, Yuliana akavuta matofali upande wake. Zege bichi halina ubishi. Kondo akaegesha bajaji mbele yao, taa za hatari zinawaka, anawatukana wenye magari.

Kesho yake saa saba kamili sufuria zote zikawa mezani. Felicitas akaonja maharage, akamkabidhi mama funguo za jiko, na hakuuliza chakula kimepita wapi.