Mikono Mfukoni Kule Loresho

Siku yangu ya kwanza Loresho nilifika na sanduku la vifaa nililolitengeneza mwenyewe kwa mvule, nalo Mkuu wa Shule hakulitazama hata. Alinipa aproni.

"Fundi, hii ina mifuko mikubwa. Unajua ni ya nini?"

"Ya misumari, Madam."

"Hapana. Ni ya mikono yako."

Niwaambie kwanza mimi ni nani, nyinyi vijana msije mkadhani waliokota mtu barabarani. Shule niliachia darasa la sita, nikatoka Kakamega kuja kutafuta kazi. Nilianzia Dagoretti, karibu na soko, chini ya Mwenye Karakana, mzee aliyefundisha kwa kofi. Kiungo cha ulimi, yaani kuchonga ncha ya ubao iingie kwenye tundu la ubao mwingine bila msumari, alinionyesha mara moja tu. Nikashika. Wenzangu walikuwa bado wanakula makofi. Baadaye nikahamia mjini, kwa Fomeni wa kampuni ya kutengeneza samani za ofisi. Kaunta kadhaa mnazoegemea benki mkingoja foleni zimepita mikononi mwangu, na hakuna hata moja inayocheza. Fomeni alizoea kusema, "Huyu hana cheti, lakini jicho lake ni pima-maji." Alisema kweli.

Basi shule hii ilifuata mtindo wa Ufini. Mkuu wa Shule, mama wa Machakos aliyefundisha Ufini miaka mingi, alinieleza taratibu. Mtoto hasukumwi kusoma mapema. Darasa la kwanza anaingia na miaka saba. Wadogo hawapangwi kwa namba za mtihani. Kila kipindi kikiisha wanatoka kucheza, na mvua ikinyesha wanavaa gambuti, wanatoka vilevile. Na wote, wasichana kwa wavulana, wanafanya kazi ya mikono kwa vifaa vya kweli: msumeno, patasi, jiriwa ya kubana ubao. Kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha, kuangalia vidole visikaribie meno ya msumeno, kisha mikono mfukoni. Ubao ukikatwa upande, nisiunyooshe.

"Na wakiharibu, Madam?"

"Wataona wameharibu."

"Dagoretti ukiharibu mbao unakatwa mshahara."

"Hawa huwalipi, Fundi."

Nilidhani ni utani. Halikuwa jambo la utani. Mtu aliyezoea kunyoosha vitu akiambiwa asimame tu, vidole vinamwasha.

Mwaka uliofuata, Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, wakili mwenye ofisi mjini, alitaka karakana yangu igeuzwe chumba cha tuisheni. Wazazi wangepiga kura siku ya kufunga shule. Kura ikipita, mimi narudi Dagoretti. Siku moja aliingia nikiwa nasafisha meza.

"Mzee, mimi nalipa karo. Mtoto wa jirani, rika la Mutheu wangu, anasoma gazeti. Wangu anarudi nyumbani na maranda kwa nywele."

"Maranda yanatoka, Mwenyekiti."

"Hata wewe utatoka."

Sasa, mnajua desturi zetu za siku ya kufunga: tenti, viti vya kukodi vilivyovishwa vitambaa, sofa za wageni wa heshima mbele. Mkuu wa Shule alikataa vyote isipokuwa tenti. Kila mzazi angekalia stuli aliyotengeneza mtoto wake. Nilizijua zile stuli. Nikamwendea.

"Madam, nipe jioni moja tu nizinyooshe. Kibarua changu kiko hapo."

"Mifuko, Fundi."

Siku ikafika. Mwenyekiti, na suti yake, akakalia stuli ya Mutheu. Ikayumba, naye akayumba. Wazazi wakacheka.

"Fundi! Hii kitu inacheza!"

Nikapiga hatua. Mkuu wa Shule akanitazama. Nikarudisha mikono mfukoni.

"Baba, simama," Mutheu akasema.

Akaenda karakana akarudi na msumeno. Akakadiria mguu mrefu kwa macho, akakata. Nikakaa karibu naye kuchunga vidole, basi. Baba akakaa, stuli ikayumba upande wa pili. Akakata mguu mwingine. Ikayumba tena. Kila mara baba alikuwa akishuka chini kidogo, na mgeni wa heshima bado ameshika hotuba yake.

"Mutheu, mama, mwachie Fundi."

"Fundi haruhusiwi."

Kisha akaitazama ile stuli. Akaibeba hadi barazani kwenye saruji iliyo sawa, akaitegemeza kwa vipande vya mbao mpaka kiti kikalala sawa, akalaza penseli juu ya kibao chembamba na kuzungusha alama kwenye kila mguu. Hiyo niliwaonyesha mwanzo wa muhula, nikaapa hakuna aliyesikia. Akakata kwa kufuata alama.

Stuli ilikuwa imebaki fupi kama kigoda cha kupikia chapati. Mwenyekiti akaifuata barazani, akakaa, magoti karibu na kidevu. Akajisukuma kushoto. Akajisukuma kulia.

"Haichezi," akasema.

"Si ndio," Mutheu akajibu, akifuta msumeno.

"Nani alikuonyesha hiyo ya penseli?"

"Fundi. Lakini hakunisaidia."

Mwenyekiti aliitisha kura akiwa palepale chini. Wanaotaka chumba cha tuisheni? Mikono kadhaa ikapanda. Yake ilibaki magotini, na mingi ikabaki nayo. Baadaye dereva alipotaka kumbebea ile stuli alimkatalia, akaibeba mwenyewe hadi garini. Sisemi alibadilika. Muhula uliofuata alimwajiria Mutheu mwalimu wa nyumbani wa Jumamosi. Lakini karakana ilibaki, nami nikabaki ndani yake.

Niliacha kazi mapema, mgongo ulipokataa kuinamia meza za kimo cha watoto. Sasa nina karakana yangu Dagoretti, kubwa kuliko ile ya Mwenye Karakana. Vijana ninaowafunza hunitania: "Mzee, mbona unasimama tu kama soja wa geti?" Nawaacha wacheke, na waharibu mbao zangu.

Aproni ile bado naivaa. Kifuani ni nzima kabisa. Mifuko ndiyo imetoboka.