Samaki Asiye na Jicho

Kazi yangu, hapa karakanani Gungu, ni kuondoa kutu kwa mwanga wa leza, hasa kwenye vyuma vya injini za boti. Watu hudhani ule ni moto. Sivyo. Mwanga unapiga kwa vipande vifupi mno, maelfu kwa sekunde moja, na kila kipande kinarusha uchafu kabla chuma chenyewe hakijapata habari. Ila ukizubaa mahali pamoja, chuma kinayeyuka na kubaki na kishimo. Najua, maana mke wangu ana sinia lililojaa vishimo, na hajanisamehe.

Siku moja shangazi aliyenilea alishuka kwenye bodaboda amepakata sufuria ya pilau, nyeusi tii. Bodaboda ya nyuma ilimleta jirani yake wa Katubuka. Wawili hawa walikuwa hawajasalimiana miaka mitatu. Waliazimisha sufuria zao msibani, zote za ukubwa mmoja, ikarudi moja tu, shangazi akawahi kuibeba. Tangu hapo kila mmoja aliapa ni yake, hadi jirani alipotuma watu kudai isafishwe mbele ya macho yake.

"Isafishe," shangazi akaniamuru. "Ya kwake ilikuwa na samaki aliyegongwa kwa msumari. Yangu haina kitu. Leo huyu ataona mwenyewe."

Nikawavalisha miwani ya kazi juu ya ushungi, nikaanza. Masizi yakaruka yakilia kama dagaa kikaangoni. Aluminiamu ikatoka nyeupe. Ukatoka mkia, likatoka pezi, kisha samaki mzima wa nukta nukta, asiye na jicho.

Jirani alikuwa bado anahangaika na miwani iliyonasa ushungini.

"Hapo pana uchafu umebaki," shangazi akaninong'oneza, akimwonyeshea samaki kidole. "Kaza kidogo."

Nilimwelewa. Ningepunguza mwendo wa mkono tu, aluminiamu ingeyeyuka, nukta zingejaa, na samaki angetoweka. Na huyu ndiye aliyekuwa akinifinya sikio kila nilipookota embe la jirani: cha mtu mavi! Niliona aibu kwa niaba yake, na hasira pia.

Nikazima mashine. "Uchafu umekwisha, shangazi."

Jirani akainama, akampapasa samaki kwa kidole. Nilisubiri matusi.

"Bado hana jicho," akasema taratibu. "Siku ile unanigongea samaki huyu nilikwambia, ukasema utamalizia kesho."

Kumbe fundi wa samaki alikuwa shangazi mwenyewe. Akaketi juu ya injini ya mteja, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nisamehe, mwenzangu," akasema. "Nilijua tangu wiki ya kwanza. Nilishindwa pa kuanzia."

Jirani akanigeukia. "Mwanangu, hicho kimashine kinaweza kumtobolea samaki jicho?"

Nikazubaa mahali pamoja, safari hii kwa makusudi. Wakaondoka kwa miguu, wameishika sufuria huku na huku, miwani yangu bado usoni, shangazi akilalamika kwamba jicho nimeliweka juu mno.