Mgeni wa Madoa Mekundu

"Bi Khairiya, huyu ni kipepeo au ni nondo?"

Nilimuuliza hivyo mwaka wa 1991, nikiwa darasa la tano, nimepiga magoti juu ya kitanda cha mwanawe. Alikuwa akikitazama tu kile kidudu kilichotua kwenye mto.

Bi Khairiya ni jirani yetu hapa Kibokoni, ukuta kwa ukuta. Kazi yake ni kushona kofia, na huzishona bila kuinua macho hata akisalimiwa. Mwanawe wa pekee, Muhdhar, alipata kazi ya meli akaondoka, kisha habari zake zikakatika. Watu wakimuuliza, alijibu kwa sauti ileile anayotajia bei ya kofia: "Hajaleta salamu."

Siku ile Idi ya kuchinja ilikuwa imekaribia. Kahindi, anayetuletea majani ya mbuzi, alikuwa amekata mzigo wake kule ufukweni Mama Ngina, akautua uani kwa Bi Khairiya. Alipoifungua kamba, kikaruka kitu cheusi chenye madoa mekundu, kizito, kama kisichojua kuruka vizuri, kikapita dirishani hadi chumbani kwa Muhdhar.

"Haya, mgeni huyo," Kahindi akasema. "Tena wa mbali, mwone alivyovaa."

Kwetu kipepeo akiingia ndani hafukuzwi. Mgeni yuwaja, na mgeni hupikiwa. Nondo haleti habari yoyote, hufagiliwa nje. Kwa hiyo nilitaka kujua hasa. Nikamchungulia karibu mpaka pumzi yangu ikamtikisa. Skuli tulifundishwa kwamba vipembe vya kipepeo vina kijifundo nchani, kama kichwa cha pini, na kwamba akitua hupenda kuyasimamisha mabawa. Huyu vipembe vyake vilikuwa kama vinyoya, na mabawa ameyalaza mgongoni.

"Ana vipembe vya nondo," nikasema.

Kahindi akanicheka toka dirishani. "Nondo hutembea usiku, mama. Huyu yuwatembea mchana kweupe. Huyo mwalimu wako amewahi kukata nyasi?"

"Kahindi," Bi Khairiya akasema, "nenda kaniletee kuku."

Akapika pilau. Akatandika jamvi, akaweka sinia la pilau na sahani mbili, akaketi. Mpaka ikaadhiniwa magharibi, hakuna aliyebisha hodi. Akalifunika sinia, akanipa mimi na Kahindi tulipeleke msikitini, kisha akairudia kofia yake. Chozi sikuliona. Kidudu bado kilikuwa palepale kitandani, hakuna aliyekigusa.

Muhdhar hajarudi hadi leo. Mimi sasa niko kidato cha tatu. Mwezi uliopita Bi Khairiya aliamua kukipangisha chumba kile, akaniita nimsaidie kutoa vitu. Nguo za Muhdhar alizikunja kama anakunja za mtu asiyemjua, akazitia kwenye gunia, akalifunga.

Tulipokuwa tumeshika godoro, yeye upande wa mlangoni, mimi upande wa ukutani, nikamuuliza tena. Yule wa siku ile, mwenye madoa, alikuwa kipepeo au nondo?

"Nondo," akasema. "Nilimjua pale alipotua. Nilitaka kumpikia mwanangu, basi. Inua upande wako."