Pilau ya Suluhu

Kila dada yangu alipopigwa na mumewe, alipika pilau. Ndivyo mambo yalivyokwenda kwao Watamu: mume akizidisha, wazee wa pande mbili huja kusuluhisha, na wageni hawakai na njaa. Mpishi nani? Mwenye nyumba, yule yule aliyevimba jicho. Wazee walikula wakashiba, wakasema mashallah, mke apikaye hivi haachwi. Mume aliambiwa apunguze hasira, dada apunguze maneno. Penye wazee hapaharibiki neno. Kisha wakanawa mikono wakaenda zao, naye akabaki na masufuria.

Chifu naye alikuwa haikosi pilau hiyo. Alikula kuliko wote.

Safari ya mwisho alivunjwa mkono. Wazee wakaitwa kama kawaida, nami nikaitwa nikapike, maana mkono mmoja haukati vitunguu. Nilikwenda nimefura. Chifu alipofika akakataa hata kuketi. Akasema imetoka amri ya serikali: kupiga mke ni kesi ya polisi, na chifu atakayeimaliza majumbani atajibu mwenyewe. Alisema kwa huzuni, macho yako jikoni.

"Sasa serikali ndiyo italala na watu vyumbani?" mzee mmoja akauliza.

"Mzee wangu, nami nina mshahara wangu," chifu akajibu. "Twendeni kituoni, na mume aje."

Nikazima moto. Mchele ulikuwa haujaiva, na waliotaka kuula waule hivyo hivyo.

Zamani kituoni ulijieleza kaunta, mbele ya kila aliyekuja kuripoti kitambulisho kilichopotea. Sasa pana dawati la jinsia, lina chumba chake na askari mwanamke. Akafunga mlango, akamuuliza dada, "Wewe mwenyewe wataka nini?"

Katika suluhu zote zile hakuna aliyewahi kumuuliza. Dada akanitazama mimi, kana kwamba jibu ninalo.

"Nataka kulala," akasema.

Mume aliwekwa ndani. Dada akatiwa plasta hospitali, kisha akapelekwa Malindi, kwenye nyumba ya serikali ya kuwahifadhi wanawake kama yeye. Kesho yake adhuhuri nikamkuta bado amelala, anakoroma vibaya sana. Nilifurahi, wallahi. Nikamgusa bega ili aamke ale.

Akaruka, akakinga uso kwa ule mkono wa plasta. Nami ni wa tumbo moja naye. Nikarudi nyuma hadi mlangoni, nikasimama pale kwenye mwanga, nikangoja aone kuwa ni mimi.