Bipu Kutoka Dilolo

Huku kwetu Kolwezi mtu hasafiri bila kuahidi bipu. Unafika unakokwenda, unapiga simu nyumbani, unaiacha ilie mara moja, unakata. Hulipi kitu, na waliobaki wanajua umefika mzima. Nimefanya hivyo tangu simu yangu ya kwanza, ile ambayo namba zilikuwa zimefutika kwenye vibonye, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja bipu ingeniokolea kazi.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa sekondari mama alipomfuata baba kaburini. Nyuma yangu walikuwa watatu. Mkubwa haulizwi kama anataka. Niliweka madaftari chini ya godoro, nikaanza kwenda Mutshatsha kununua makaa ya kuja kuuza mjini. Kila nilipoondoka niliwapanga wadogo zangu mbele ya mlango na kuwaambia: "Nikifika nitabipu. Bipu isipolia kabla ya kengele ya jioni ya kanisa, mfunge mlango, mchukue blanketi, muende kwa mama wa jirani. Mtu asinifuate." Mama wa jirani, Mkasai ambaye mumewe alifanya kazi mgodini, alikubali, ingawa alisema natoa amri kama mkuu wa mtaa.

Safari moja simu yangu ilidumbukia katika ndoo ya maji. Kesho yake nilirudi mbio, nikawakuta wote watatu kwenye mkeka wa jirani wanakula bukari, ugali wetu wa huku, na samaki.

"Yaya, unalia nini?" aliuliza mdogo wetu wa mwisho, mdomo umejaa; huku kwetu dada mkubwa ndiye yaya. "Ulisema bipu ikikosa tuende. Njo maana tulienda."

Nilinawa mikono nikakaa kula.

Makaa yalinichosha, na biro moja, yaani ofisi, inayoshughulikia karatasi za malori ya shaba ilitafuta mtu wa kufagia na kupika chai. Nikaingia. Kabati la mashini, zile za kuunganisha kompyuta, lilikuwa katika chumba nilichowekea ndoo zangu. Fundi wa wakati ule alikuwa na tumbo lisilopita nyuma ya kabati, kwa hiyo alinituma mimi kuchomeka nyaya. "Mama, ya buluu! Nilisema buluu, weye unashika manjano!" Nikashika ya buluu, nikauliza ya manjano inakwenda wapi, nikaandika kwenye daftari. Miaka ikapita hivyo. Fundi alipostaafu, bila kuacha kupika chai, mimi ndiye niliyezunguka biro zetu nne, Kolwezi, Tenke, Mutshatsha na Dilolo, nikirekebisha ruta, kile kisanduku kinachounganisha biro na dunia. Nilizirekebisha moja moja, kwa mkono. Kwenda Dilolo kulikula siku mbili za barabara. Wakati wa mvua tulikuwa hatuhesabu.

Kisha patroni, mwajiri wetu, akahamishia karatasi zote kwenye wingu, yaani kompyuta za watu wa mbali ambazo tunapanga nafasi ndani yake kama mtu anavyopanga chumba. Tulifurahi. Asubuhi moja tukagundua kwamba mtu tusiyemjua, kutoka nchi ambayo hata mmoja wetu hajafika, alikuwa amejaribu kuingia mara nyingi kwa kubahatisha neno letu la siri. Hakufaulu, na hiyo ilikuwa bahati tu, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa moja kwa biro zote nne, na kule Tenke lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nyekundu juu ya kalenda ya kanisa, ukutani, ili wageni wasipate taabu ya kuuliza.

Patroni akamleta enjenyeri kutoka Lubumbashi. Kijana mwembamba, viatu vyeupe, na vumbi letu lilivimaliza viatu hivyo kwa siku mbili. Lakini alijua kazi. Alinionyesha kwamba sheria zote za ruta zinaweza kuandikwa katika faili moja, na faili hiyo ikaenda yenyewe kwenye biro zote.

"Yaya, unabonyeza mara moja tu, biro zote nne zinabadilika," alisema.

"Na ukikosea?"

"Zote nne zinakosea." Akacheka. Mimi sikucheka.

Sheria mpya zilikuwa nzuri. Kila mfanyakazi na neno lake, na baada ya neno, namba ya pili inayokuja kwenye simu yake. Internet ya kila biro itapitia wingu kwanza, na juu ya yote, wingu litakubali tu anayeingia kutoka ndani ya nchi yetu. Wa nje akae nje.

Patroni alituita akasema waziwazi, kama kawaida yake. "Jumamosi asubuhi munabadilisha. Kama biro zote ziko natembea bila mutu kupanda gari, mama, unabaki kwa mashini na enjenyeri, anakufundisha hii kazi mupya. Kama mutu analazimika kwenda Dilolo kutengeneza, kazi yote ninaipa kampuni ya Lubumbashi. Weye unarudia kwa termosi yako tu."

Sina ubaya na termosi, chupa yangu ya chai. Lakini nilikuwa nimeacha shule mara moja katika maisha, na hii ilikuwa shule ya pili. Sikutaka kuiacha nayo.

Ijumaa nilimuuliza enjenyeri: "Faili ikifika Dilolo, tutajuaje kama imefika vizuri?"

"Tutaona."

"Na tusipoona? Kama sheria mpya imefunga mlango na sisi tuko nje?"

Alikuna kichwa. Nikamweleza habari ya bipu, kengele ya kanisa na blanketi. Nilisema nataka kila ruta, ikishapokea sheria mpya, itubipu kupitia wingu. Tusipopata bipu ndani ya dakika kumi, kila kitu cha biro ile, kwenye ruta na kwenye wingu, kirudi chenyewe kama kilivyokuwa.

Akanitazama. "Yaya, hiyo kintu iko. Mafundi banaitumikisha."

"Basi mbona haimo?"

"Inaomba kazi mingi. Na mi siko nakosea sana."

"Hata mi sikuwa naangusha simu mu maji sana," nilisema. "Bila bipu, mi sibonyezi."

Alinung'unika mpaka saa ya chakula, halafu akaiandika. Aliiandika vizuri.

Jumamosi patroni alikuja na kusimama nyuma yetu, mikono mgongoni. Nilibonyeza mimi. Kolwezi ilibipu kabla sijaondoa kidole; kwenye skrini alama yake ikageuka kijani. Ikafuata Tenke, halafu Mutshatsha. Dilolo ilibaki nyekundu.

Dakika mbili. Dakika nne. Nilimpigia karani wa Dilolo, mzee mmoja mpole ambaye sote tunamwita tata, yaani baba, anayependa kuchapisha kila karatasi mara tatu. Simu yake, inayotumia internet ya biro, haikupatikana. Patroni alianza kupumua kwa pua.

"Nitume tena faili," enjenyeri alinong'ona, na mkono wake ukaenda kwenye kompyuta.

"Usiguse."

"Yaya..."

"Ukituma tena, saa inaanza upya. Mutu asifuate. Tungoje."

Si kwamba sikuogopa. Nilihisi mpini wa termosi mkononi kabisa. Lakini nilijua kitu kimoja: kama siku ile wadogo zangu wangeingia njiani kunitafuta, tungepoteana wote wanne. Waliofuata neno walikuwa wanakula samaki.

Dakika ya saba. Ya tisa. Enjenyeri alikuwa amekalia mikono yake, kweli amekalia. Dakika ya kumi ikapita, na muda mfupi baadaye Dilolo ikarudi. Haikuwa na sheria mpya, lakini ilikuwa hai, katika hali yake ya zamani. Papo hapo simu ikalia. Alikuwa yule karani, nikaweka sauti juu tusikie wote.

"Mama, salamu! Internet ilikufa kidogo, sasa ilirudia. Mulifanya nini huko?"

"Tata, salamu. Tuambie, unatumikisha internet gani hapo?"

"Ya hapa."

"Ya hapa wapi?"

"Ile muliyonipa ilikuwa zaifu, mama. Nilitia chip ingine, laini ya simu, ndani ya ruta. Hii iko nguvu sana!"

"Chip ulinunua wapi, tata?"

"Ngambo ya mupaka."

"Kwa hiyo biro yako iko Dilolo..."

"Njo hivyo, biro iko Dilolo. Internet iko Angola."

Enjenyeri aliinamisha kichwa juu ya meza, mabega yakitikisika kwa kicheko. Sheria yetu ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa: ilimwona mtu anayeingia kutoka nchi nyingine, ikamfungia.

"Tata, tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu mwaka uliopita. Hakuna mutu aliniuliza, mama. Na Angola iko karibu kuliko Kolwezi."

Hapo hakuna wa kumbishia. Enjenyeri aliongeza mistari michache ili ruta ya Dilolo, na hiyo peke yake, itambulike kwa ufunguo wake hata ikipitia ng'ambo. Nikabonyeza tena. Baada ya dakika moja Dilolo ikabipu, kijani.

Patroni alikohoa. "Ile ya kurudia yenyewe, nani aliitia?"

Enjenyeri angeweza kusema ni yeye. Mkono ulioandika ulikuwa wake. "Ni yaya," alisema. "Alikataa kubonyeza bila ile."

"Bon," alisema patroni. "Chai tutatafuta mutu mwingine." Akaondoka, akarudisha kichwa mlangoni. "Lakini leo kuko chai?"

Ilikuwepo. Niliimimina, vikombe vitatu, kisha nikatoa simu nikambipu mdogo wetu wa mwisho, ambaye sasa anasoma chuo Lubumbashi. Alinipigia mara moja.

"Yaya, nimeona bipu. Umefika wapi?"

"Sikwenda fasi yoyote," nilimwambia. "Niko hapa hapa."